Gaju Alivyoanguka Mbarara

Kabazana, Nakivale
14 Agosti 2012

Mpendwa kaka Yonatani,

Amani ya Bwana ikufikie huko Lusaka. Mgongo umepona, au bado unabeba mizigo kwa ubishi wako uleule? Sisi tuko salama. Jua limeyapiga maharage, lakini hatulali njaa, na mama ameacha kukohoa.

Sasa habari za binti yako. Uliniagiza nimsindikize Gaju kwenye mashindano ya judo, kisha aache mchezo huo, kwa kuwa hutaki mtoto wako aangushwe mbele za watu. Sikufichi, nilikuwa upande wako.

Hapa kambini wanajifunzia juu ya magunia yaliyoshindiliwa majani makavu ya migomba. Mwalimu wao Kabanda, aliyecheza judo zamani kule Uvira, mwezi wote wa kwanza aliwafunza kuanguka tu. Nilimcheka. Nani asiyejua kuanguka? Koti la Gaju nilimshonea mwenyewe kwa shuka nzito, kila mshono nikaupitisha cherehani mara tatu.

Jumamosi tukaenda Mbarara. Wenzake walivaa makoti ya dukani. Gaju alipoitwa, roho yangu ilikuwa mkononi.

Wakashikana, wakayumba hadi nje ya mstari, refa akapaza sauti: "Mate!" Gaju akamwachia mwenzake, akajifuta mdomo kwa mkono wa koti. Kumbe ni neno la Kijapani la kusimamisha pambano. Mazoezini Kabanda alikuwa akiwaambia "Ngoja," maana kila alipolitamka lile lingine watoto walicheka mpaka kazi inaharibika. Basi wote wanaojua Kiswahili ukumbini wakacheka, nami nikajifunika kitenge usoni. Nilipochungulia, Gaju naye alikuwa anacheka, mtoto huyu asiyefungua kinywa mbele ya wageni tangu tuvuke mpaka. Haikupita dakika akamzungusha yule msichana kiunoni, akamlaza chali. Kisha akampa mkono, akamwinua. Uzi wangu haukukatika hata mmoja.

Pambano la pili halikudumu. Msichana wa Mbarara, fundi kwelikweli, alimnyanyua akamtupa kwa kishindo. Nikalia. Yeye akapiga mkono chini kama alivyofunzwa, akainuka, akakaza mkanda wake, akamwinamia mwenzake. Waliomcheka wakampigia makofi. Kaka, nimeona watu wazima wakiangushwa na madogo kuliko hayo wasiinuke upesi hivyo, na mimi ni mmoja wao. Namheshimu binti yako.

Koti nimelifua, liko kambani. Sijamwambia aache. Neno hilo ulitoe mwenyewe, ukiweza.

Mama anakusalimu sana, na mwanangu Ushindi pia. Mfikishie salamu wifi yangu Mukandoli. Gaju naye nilimuuliza nikuandikie nini kwa niaba yake. Gari lilipopita Masha, tukirudi nyumbani, akasema:

"Umwambie papa nilianguka muzuri."

Mungu akutunze mpaka tuonane uso kwa uso.

Dada yako akupendaye siku zote,
Nyiramana