Sabuni Kwanza, Supu Baadaye

Shikamoo Mama,

Naandika nimeshiba, kwa hiyo usihangaike. Darasa langu la Kiingereza hapa Ujiji, la akina mama waliokimbia vita Kongo, lilikuwa limebaki na watu sita. Wiki nzima nimewafundisha tofauti ya "soap" na "soup", ile ya kuogea na ile ya kunywa, na wiki nzima wameniandikia kwamba wamekunywa sabuni. Jana niliwagombeza. Leo sikutarajia kumwona hata mmoja.

Walikuja wote. Mama Zawadi, anayetengeneza sabuni za mawese, alibeba birika, kipande cha sabuni yake na sufuria ya mchuzi wa samaki aina ya migebuka, ulioungwa kwa mawese hayo hayo.

"Mwalimu, leo weka chaki chini," akasema. Akanimiminia maji mikononi, akanipa sabuni. "Hii soap." Nilipokwisha kunawa, akafunua sufuria. "Hii soup. Kwetu haiwezi kutangulia."

Baada ya hapo hakuna aliyekosea, na mimi niliongezewa bakuli mara mbili.

Nikamwambia Mama Zawadi kwamba anayenawishwa ni mgeni, si mimi mwenyeji. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nina miaka minne hapa. Wewe umefika lini?"

Nina wiki tatu, Mama.

Doa hilo la rangi ya chungwa pembeni mwa kadi hii ni mawese. Usilifute, ni salamu zake kwako.

Mwanao akupendaye,
Rehema