Nimechoma Mikanda ya Mjukuu Wangu

Mshauri Damari, naomba msaada wako ingawa kosa langu silioni. Mimi ni Andendekisye wa Chunya, myeyusha dhahabu, uliza machimbo yote nani anaujua moto watakutajia mimi, hata wenye vyeti huniletea dhahabu yao. Sasa mjukuu wangu Joyness anasoma chuo Mbeya, anatengeneza mikanda ya mpira laini ya kuvaa mkononi, inasoma mapigo ya moyo, ndani ina nyuzi za madini ya fedha nyembamba kuliko unywele, jicho halizioni. Aliwagawia wachimbaji wa hapa wavae, likizo hii akaja kukusanya iliyochakaa, akasema anailoweka kwenye dawa mpira ulegee atoe zile nyuzi aziweke kwenye mikanda mipya, nikaona mtoto anahangaika na mabeseni na babu yake yupo, basi alipokwenda kanisani nikaichoma yote, majivu nikayayeyusha kwa mkaa na mvukuto, ikabaki punje ya fedha safi, ndogo kama ulezi, inang'aa. Nikampa. Akaitazama akasema, "Babu, umeniulia kazi," akapanda gari akarudi chuoni Iyunga, simu hapokei, na mwezi ujao anatakiwa aonyeshe mikanda mipya mbele ya walimu wake. Mama yake, Frida, anataka niombe radhi. Mzee mzima nimwombe radhi mtoto niliyemsaidia? Nifanyeje apokee simu?

Jibu

Shikamoo mzee. Moto unaujua, sikubishii. Ila Joyness hakutafuta fedha, alitafuta nyuzi. Zikigusana umeme unapita hata mkanda ukivutwa. Ukiziyeyusha umebaki na punje, na punje haivutiki. Mkeo akifumua sweta kuukuu apate uzi wa kufuma jingine, wewe utauchoma umpelekee majivu?

Tena hukumwuliza. Mtu angegusa mchanga wako wa dhahabu pale machimboni bila ruhusa, mngefika kwa mwenyekiti siku hiyo hiyo. Na ule moshi wa mpira umeuvuta wewe na majirani.

Najua ulimtakia mema, ndiyo maana nakujibu. Simu acha. Zunguka machimboni, uliza nani bado ana mkanda aliougawa Joyness. Ikusanye na jasho lake, usiioshe, usiikate, moto usiusogelee. Ipeleke Iyunga mwenyewe, wiki hii, apate muda wa kuiloweka. Ukifika mwambie, "Nimekosa, mjukuu wangu," kisha nyamaza. Usimweleze habari za mvukuto. Akikupa beseni ushike, lishike anavyotaka yeye.