Gemu ya Bosi na Lori la Silvester

Jumatatu, 3 Februari 2025

Bosi Lual amegundua sayansi. Ameangalia video moja kwenye simu, na sasa anajua kwa nini Emilio, meneja wa hoteli ya jirani, humfunga mabao kila wakicheza gemu ya mpira. Si vidole vyake mwenyewe – la! Ni kompyuta. Kuna programu zinakula nguvu huko nyuma, anasema. "Poni, funga zote."

Kompyuta yenyewe ndiyo ninayofanyia kazi. Yeye anacheza, mimi nasimama pembeni na mafaili mkononi kama mhudumu anayesubiri oda.

Nikafunga muziki, barua pepe, ile ya printa. Gemu ikakwama vilevile. Wachezaji wanakimbia, wanaganda, halafu wanaibuka mbele ya goli. Bado kuna kitu, akasema. Akaniangalia mimi!

Jumanne, 4 Februari

Kitu chenyewe amekiona: traka.

Traka ndiyo inayonionyesha malori yetu yako wapi, na iko kwenye kompyuta hiyo moja tu. Lori likisimama pasipo kituo, inalia. Mimi nampigia dereva mwenzake aliye karibu, naye anaenda kuangalia. Hiyo ndiyo kazi yangu hasa. Mengine ni karatasi.

Nikasema, polepole sana, kwamba traka ni nyepesi, haili chochote. Akaniuliza kama nimesomea gemu. Nimesomea uhasibu, Eldoret. Nikafunga.

Silvester, dereva wetu, alikuwa njiani kutoka Nimule, mpakani. Mchana mzima sikujua yuko wapi. Nilimwazia kila kona ya barabara ile, ambako malori huvamiwa. Chai ya Namukasa, mama chai wa hapo nje, ikapoa mbele yangu.

Amefika salama. Akaja kunisalimia, vumbi hadi kwenye kope. "Dada Poni, mimi napenda hii ofisi. Mimi iko huko porini, lakini wewe iko naona mimi."

Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo!

Jumatano, 5 Februari

Bosi alikwenda Gurei, msibani. Nikajaribu mwenyewe.

Gemu ina namba pembeni ya skrini, inaonyesha picha ngapi zinapita kwa sekunde. Nikafungua kila kitu, nikacheza. Nikafunga kila kitu, nikacheza. Namba ilisogea kidogo tu nilipozima zile video anazoziacha zikicheza zenyewe. Traka je? Hakuna tofauti hata chembe. Nikairudia, nikairudia tena. Hakuna!

Lakini kompyuta inapopata joto inaanza kuunguruma kama jenereta, na hapo ndipo wachezaji wanaganda. Namukasa aliweka birika chini, akagusa ubavu wa kompyuta.

"Ah! Hii mimi naweza pika chapati juu yake."

Tukaizima, tukaibeba hadi kwa fundi wa matairi ng'ambo ya barabara. Nilizuia feni kwa kidole huku nikiomba, yeye akapuliza kwa ile mashine yake ya upepo. Likatoka vumbi jekundu kama unga wa wimbi. Namukasa akakohoa, akacheka: "Barabara yote ya Nimule ilikuwa naishi ndani!"

Sasa gemu inateleza. Na traka iko wazi.

Nitamwambiaje Bosi? Kwamba kompyuta yake imetibiwa na fundi wa matairi? Kwamba video yake ni upuuzi? Sisemi.

Ijumaa, 7 Februari

Alikaa, akauliza kama nimefunga vya nyuma. Ndiyo, Bosi. Traka nilikuwa nimeishusha tu isionekane.

Akacheza. Hakuna kukwama hata mara moja. Akapiga meza. "Khalas! Umeona? Kufunga ndiyo dawa! Nyinyi wasomi hamsikii."

Akampigia Emilio papo hapo kumtisha. Wanakutana kesho, hapa ofisini, mbele ya watu. Namukasa, bila hata kutabasamu, akamuuliza kama akizima redio yake chai itachemka haraka. Bosi akafikiria. Akasema inawezekana.

Mungu wangu!

Silvester amepakia. Anatoka Nimule kesho asubuhi. Nimemwambia namwona. Safari hii ni kweli.

Jumamosi, 8 Februari

Niko nje, kwa Namukasa, karibu na jiko. Nikiandika natulia kidogo.

Emilio alikuja na wahudumu wake wote. Bosi alikuwa anaongoza. Halafu traka ikalia. Ikatokea katikati ya skrini, nyekundu, juu ya uwanja mzima. Lori la Silvester limesimama kabla ya Nesitu, mahali pasipo kituo, pasipo nyumba.

"Refa mpya huyo?" Emilio akasema. Wakacheka. Naye, wakicheka hivyo, akafunga bao.

Bosi akauliza nani amefungua kitu hiki. Nikasema, "Bosi, ni Silvester." Akasema ameuliza nani amefungua. Akaizima. Akaniambia nitoke, tutaongea baadaye. Nikatoka. Miguu ilitoka yenyewe.

Simu ya Silvester inaita, haipokelewi. Mara ya pili pia.

Nimempigia Jonah, dereva mwenzake; yeye amepokea. Yuko Nesitu, anakunywa soda, gari lake tupu. Ameshaliwasha. Anauliza: "Wapi kabisa, dada? Huku pori ni refu." Sijui! Niliona nukta tu, kisha akaizima. Mahali penyewe pako mle ndani, nyuma ya gemu, chini ya mkono wa Bosi. Nikimshika mkono ule, Jumatatu sina kazi.

Wanashangilia. Sijui ni bao la nani.

Namukasa amesimama mbele yangu na mwiko. "Wewe iko naandika nini? Enda!"

Jonah bado yuko hewani, nasikia injini yake. Naenda kuifungua traka.