Mkwe Nisiyemwona

Jumamosi, 10 Juni 1911
Shule imefungwa saa sita. Nimepitia Mkonze kama kila Jumamosi, nikasimama nje ya ukuta wa tembe, nyumba ya wakwe, nikasalimu: "Mbukwenyi." Miaka sita mama mkwe hunijibu kutoka ndani, hukohoa, nami huenda zangu. Uso wake siujui. Kwetu Wagogo mkwe hamtazami mama mkwe, na ualimu wa misheni haujanitoa hapo. Leo kajibu mwanawe, shemeji Chilongani. Eti mama amelala. Saa nane mchana!

Jumapili, 11 Juni
Mke wangu Rebeka ana siku tisa tangu ajifungue, bado hatoki nje. Anauliza mbona mama yake haji kumwogesha mtoto. Nimemwambia mama ana mafua. Mwongo mimi, na asubuhi nimewasomea watu Amri Kumi.

Jumatano, 14 Juni
Nimerudi Mkonze bila taarifa. Chilongani anasema mama yuko Bahi kwa ndugu. Bahi! Mtu ambaye hajaja hata kumwona mjukuu. Nimegeuka niondoke, nikasikia kikohozi kwenye chumba cha ndama. Kikohozi kile nakijua kuliko nyimbo za kanisani.

Njiani mama mmoja jirani kaninong'oneza. Mama mkwe aliusahau moto, kihenge cha mtama kikaungua. Tangu siku hiyo anafungwa kamba mguuni. Uji mara moja kwa siku. Nina hasira hadi mwandiko umeharibika.

Alhamisi, 15 Juni
Bomani. Akida, mtu wa pwani, kanisikiliza huku anakunywa kahawa.

"Mwalimu, umemwona kwa macho yako?"

Sijamwona. Siwezi kumwona.

"Basi wewe ni shahidi wa kikohozi."

Askari wamecheka. Akasema nikiapa kwamba nimeona, Chilongani atakula viboko ishirini na tano, kisha apelekwe kazi ya reli. Nimerudi kumweleza Rebeka kila kitu. Amelia. Anamtaka mama yake, hataki kaka yake achapwe. Na mimi siwezi kuapa uongo. Najiona bure kabisa.

Ijumaa, 16 Juni
Sijafundisha kitu. Watoto wameandika herufi moja tangu asubuhi, sikuwasahihisha. Mama wa watu yuko na ndama.

Jumamosi, 17 Juni
Nimefanya. Niandike upesi kabla sijaanza kujisifu.

Chilongani kasimama mlangoni, majirani wametoka kutazama. Akapaza sauti: "Ingia basi, shemeji! Ingia umtazame mkweo!" Mwiko huo ndio uliokuwa kufuli yake siku zote. Alijua hakuna mkwe atakayevuka.

Nimeupa mlango mgongo, nikaingia kinyumenyume. Hakuna aliyecheka. Chilongani kanipisha.

Ndani harufu ya mkojo. Nimepapasa nyuma yangu hadi nikaishika kamba, nikaikata kwa kisu. Kifundo cha mguu kimevimba, kina majimaji. Nikachuchumaa.

"Mama, panda."

Ile sauti ya ukutani, sasa sikioni pangu: "Mwanangu, nanuka."

"Panda, mama."

Kapanda. Mwepesi kuliko mzigo wa kuni. Nimepita mbele ya Chilongani nikamwambia mama yake yuko kwangu, akitaka kumsalimu njia anaijua. Alitazama chini. Nilitaka kumpiga. Mikono ilikuwa na kazi.

Mwendo wa saa mbili, upepo na vumbi tupu. Nimelia nusu ya njia. Hakujua, maana naye uso wangu hauoni.

Jumamosi, 1 Julai
Shule imefungwa saa sita. Sikupita Mkonze. Mguu wa mama unapona, kovu litabaki. Wakati mwingine humwita Rebeka kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki, na Rebeka huitika. Moto tunauangalia sisi.

Chilongani hajaja. Jana katuma kikapu cha mtama. Rebeka kaukataa, mama kaupokea, akasema ni wa mwanawe.

Mchana nimesimama nje ya ukuta wa nyumba yangu mwenyewe. Ndani maji yalikuwa yakimwagwa, mtoto analia. Nikasalimu: "Mbukwenyi." Mama kajibu, kisha kakohoa. Nikaenda zangu, ingawa sikuwa na pa kwenda.