Mke Mwenzetu wa Mezani

Kwa mdogo wangu Tatu, Katonga.

Mwakeye. Marahaba, najua bado hujaniamkia. Mgongo umeachia? Mbuzi wangu amezaa? Mimi macho yamepona, naona hadi sisimizi, na ninayoyaona hapa Dar siyapendi.

Anayeandika ni Shabani, mjukuu wetu, mume wetu. Nimemwamuru aandike kila neno, hata nikimtukana.

Tatu, mume tumeporwa. Kompyuta imekaa mezani kama bibi harusi, naye Shabani habanduki hapo. Anasema kurasa anazowatengenezea watu kwenye mtandao huandikwa kwa alama: hii ya kichwa cha habari, hii ya picha. Sasa wakubwa wanaopanga alama hizo wamezibadili, na simu mpya hazizitambui za zamani. Ni kama sokoni Kibirizi waamke waseme sado haipimi tena dagaa, na zote ulizopima mwaga upime upya. Kurasa zake zimevurugika, wateja wanamfokea. Namhurumia, sikatai. Lakini safari ya kunirudisha nyumbani inasogezwa mbele kila nikiuliza.

Halafu nasikia ukurasa alioanza kuurekebisha ni wako, wa dagaa! Wako! Nani alimwogesha huyu? Wewe ulikuwa unamchekea tu.

Juzi nimepakua ugali na mgebuka, yule samaki mkavu uliyetutumia, sahani ya kwanza nikaiweka mbele ya kompyuta.

"Karibu, mke mwenzangu. Kula, mume amekuchosha."

"Bibi, utaimwagia mchuzi!"

"Mwenyewe kanyamaza. Unamsemea wewe?"

Alicheka mpaka akaifunga, tukala pamoja. Hapo nikajua dawa. Leo nimemwambia chukua kalamu na karatasi, tumwandikie Tatu, na mashine isiguswe. Barua ikiisha anarudi kwake, kwa hiyo haiishi upesi. Nisalimie shemeji. Msalimie mwanao mkubwa anayeziba mitumbwi, na mkewe, na yule jirani muuza mawese, na mama mkwe wake nisiyempenda. Mume anaitupia meza jicho. Andika, wewe! Msalimie na mbuzi.

Sasa ameweka kalamu chini, anaapa mbele yangu: wiki ijayo tunapanda treni, kazi iishe isiishe. Ila kompyuta anakuja nayo.

Haya, na ije. Huyo mke mdogo mtandikie mkeka wake mlangoni. Wewe lala ukutani. Katikati, karibu na mume, ni pangu.

Dada yako, mke mkubwa,
Mwajuma