Injini Iliyozimwa Mikuyuni

Mikuyuni, Kiboko
10 Machi 1985

Mdogo wangu Kilonzo,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Jirani yetu Mbinya anakusalimu, anauliza kama huko Mombasa bado unakula wali kila siku kama mtu aliye harusini. Wewe je? Kifua kimepona? Kazi ya reli inaendaje?

Baada ya ule ukame wa mwaka jana mvua ilirudi, tukapata kunde na mbaazi kidogo, Mungu asifiwe. Lakini kuna jambo linanikosesha raha. Unakumbuka kithima chetu, kile kisima cha mchangani pale mto unapopinda? Mama, Mwaitu wetu, alikuwa anafukua mchanga kwa mikono, sisi tumekalia madebe, halafu anakaa kando kungoja maji yajikusanye. Wewe ulitaka kuchota papo hapo. Alikuwa anakupiga kofi dogo la mkono na kusema, "Yaache yapumue kwanza." Kwa miaka mingi mimi niliamini kwamba maji yanapumua kweli.

Siku hizi tunachimba hadi mtu anazama kiunoni, na bado tunangoja. Watu wamegundua kwamba nyanya zinanunuliwa sana kule mjini Salama, kando ya barabara kuu, basi kila mwenye shamba kando ya mto amechimba kisima na kuweka injini ya dizeli. Injini zinanguruma mchana kutwa. Na maji yaliyo chini ni yale yale, Kilonzo. Akivuta huyu, yanapungua kwa yule. Wanawake tunarudi na mitungi nusu, na tumeanza kusukumana kwa kithima, jambo ambalo sikuliona hata mwaka wa njaa.

Jumapili baada ya ibada nilisimama nikasema tuunde kamati ya kutunza maji ya chini, wenye pampu na wenye mitungi wakae benchi moja. Wanaume wengine walicheka. Mulei, yule fundi wa visima, hakucheka. Chifu amesema tujaribu.

Nakukumbuka sana.

Dada yako,
Kasyoka


Changamwe, Mombasa
2 Aprili 1985

Dada yangu mpendwa Kasyoka,

Barua yako niliisoma karakana wakati wa chai, nikaisoma tena nilipofika nyumbani. Mimi ni mzima, kifua kinabana tu joto likizidi. Pole kwa goti. Mwambie Mbinya wali niliuchoka zamani. Ninachotamani ni muthokoi, yale mahindi ya kutwanga ya chungu cha Mwaitu, kile chenye mdomo uliovunjika, na maharagwe yaliyoiva hadi yakapasuka.

Mto sijausahau. Harufu ya mchanga ukilowa, punda wa kina Mbinya waliokuwa wakikataa kupanda ukingo, na ile siku nilivunja kibuyu cha Mwaitu na wewe ukasema ni wewe. Ulichapwa ukanyamaza. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala nikila ukoko. Hapa maji yanatoka kwa mfereji, yakikatika watu wanakaa tu na ndoo zao, hakuna anayejua yalikuwa yanatoka wapi.

Sasa sikiliza habari njema. Mwaka ujao nastaafu! Narudi shamba la Baba kupanda michungwa. Michungwa, Dada! Nimeishi chumba cha kupanga tangu niwe kijana, ukikohoa jirani anakujibu. Nataka kuzeeka mahali ambapo nikitoka nje naona miti niliyoipanda mwenyewe. Injini ya kuvuta maji nimeshanunua, iko chini ya kitanda imefunikwa gunia. Mwambie Mulei anichagulie mahali pazuri pa kuchimba.

Kamati yenu ni jambo la maana sana. Hao watu wa nyanya wabanwe.

Ndugu yako mdogo,
Kilonzo


Mikuyuni, Kiboko
18 Agosti 1985

Mdogo wangu Kilonzo,

Natumaini u mzima na joto limepungua. Sisi huku ni baridi na vumbi, lakini tunaamka.

Kamati imesimama, na mwenyekiti ni mimi. Usicheke. Tumekubaliana hivi: kila mwezi Mulei anateremsha kamba yenye mafundo katika kila kisima, tuone maji yameshuka kiasi gani. Yakishuka kupita alama, kila injini inapunguziwa siku. Na kisima kipya hakichimbwi mpaka majirani wakae na wakubali. Tulidhani wa kwanza kukataa atakuwa Waithaka, yule aliyehamia hapa kutoka Nyeri, maana nyanya zake ndizo nyingi kuliko zote. Lakini alisimama na Kikamba chake cha kuvunjika akasema, "Kijito cha kwetu kilikufa kwa sababu kila mtu alingoja mwingine akihurumie." Akawa wa kwanza kukubali apewe zamu. Wenzake waliona haya, wakafuata.

Sasa neno gumu. Mulei alipima shamba la Baba. Maji yapo, tena mengi, lakini ni yale yale yanayoteremka kwa kithima. Injini ikivuta pale, itakuwa inavuta kutoka chini ya miguu ya wanawake. Kilonzo, najua hiyo michungwa ni nini kwako. Kabla hujachimba, njoo ukae na kamati. Labda tuchimbe bwawa la kukinga mvua, sisi wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tutakuchimbia na nyimbo juu. Labda upande michache kwanza. Njia itapatikana tukikaa.

Dada yako anayekupenda,
Kasyoka


Mombasa
30 Agosti 1985

Kasyoka,

Niko salama. Barua nimepata.

Shamba ni la Baba, na Baba hakuniachia kamati. Nimelala na moshi wa karakana kifuani miaka yote hii ili nipate mahali pangu, na sasa naambiwa nikaombe ruhusa kwa watu waliohamia juzi, na mwenye kuniambia ni mtu wa tumbo moja na mimi.

Wachimbaji nitawatoa Kitui. Hao hawamjui Mulei.

Kilonzo


Mikuyuni, Kiboko
9 Novemba 1986

Ndugu yangu Kilonzo,

Sisi ni wazima. Wewe je, na kifua chako? Sijui hata kama umerudi Mombasa, lakini naandika kwa anwani ile ile, nikitumaini wenzako wa karakana watakufikishia. Uliondoka bila kuaga. Nilikuja asubuhi nikakuta mlango umefungwa kwa waya.

Barua yako ya mwaka jana haikuwa na neno "ndugu" mwisho wake, kwa hiyo nilijua tunakoelekea. Hata hivyo nataka uyasikie ya siku ile kwangu, si kwa watu wa barabarani.

Uliporudi na wachimbaji wako wa Kitui, kisima chako kikatoa maji, nilikuja nikanywa, nikakuambia ni matamu. Sikuwa nadanganya. Lakini wiki zilivyopita kithima kilishuka, kikashuka tena. Siku ulipokwenda Salama kutafuta dizeli, labda hakuna aliyekuambia, Mbinya alikuwa ameingia kuchimba, shimo limempita kichwa, na mchanga ukabomoka ukamfunika. Tulimfukua kwa mikono na kumvuta kwa leso tulizofunganisha. Alitoka hai, na mguu umevunjika.

Kamati ilikaa kanisani. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwenyekiti, kama injini ile ingekuwa ya Waithaka, tungefanya nini?"

Nikasema, "Tungeizima."

Watu wote walikuwa wanatazama miguu yao.

Ndiyo maana nilikuja na wanawake, mimi mbele. Ulikuwa umesimama kati ya miche yako na jembe mkononi. Nikakuambia, "Kilonzo, nimekuja kuzima." Nawe ukanijibu, "Zima, kama wewe ndiwe mama yangu." Mwaitu alipokufa ulikuwa bado mdogo, ukichoka unalala mgongoni kwangu. Nthenya, mmoja wa wanawake wale, akanyoosha mkono kunisaidia, nikamkatalia. Nikazima mwenyewe. Ukanitazama kama mtu unayemwona kituo cha basi.

Siombi msamaha kwa kuzima. Ninalia kwa sababu ilikuwa wewe.

Maji yanarudi mchangani, kidogo kidogo. Mbinya anatembea na fimbo. Kamati haijakufukuza, Kilonzo. Imekupangia zamu kama wengine, na siku zako zinapita bila mtu. Michungwa naimwagia ninachobakiza kwa mtungi wangu. Siwezi yote.

Dada yako,
Kasyoka


Mikuyuni
Krismasi 1987

Ndugu yangu,

Mulei anasema alikuona Mtito Andei ukijenga hoteli. Nimefurahi kusikia u hai na unajenga. Barua hii nampa dereva wa lori anayepita huko.

Mvua ilinyesha vizuri. Mimi na Mbinya tulichinja mbuzi mmoja, tukakuwekea nyama ya mbavu, kisha tukaila jioni. Waithaka aliomba siku zako za pampu nami nimempa, maana maji hayangoji mtu. Ukirudi tutapanga upya.

Dada yako,
Kasyoka


Mikuyuni
6 Oktoba 1989

Ndugu yangu,

Michungwa mingi imekauka. Iliyobaki inazaa vitunda vidogo, vikali. Mimi ni mzima.

Dada yako


Mtito Andei
14 Julai 1991

Dada yangu Kasyoka,

Salamu nyingi. Natumaini uko na nguvu na goti linakuruhusu kutembea. Mimi ni mzima, kifua kimetulia tangu nitoke pwani. Barua zako zote nilizipata. Ziko hapa.

Nina hoteli na vyumba vya kulala madereva wa malori. Nyuma nilichimbisha kisima kirefu cha mashine, na maji yake yalikuwa mazuri hivi kwamba madereva walikuwa wakijaza mitungi wapeleke Nairobi. Kisha mwenye kituo cha petroli akachimba chake. Mwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara akachimba kirefu zaidi. Wakafuata wengine. Yakishuka, kila mtu anarefusha bomba lake ampite mwenzake. Mwaka huu yamekuwa ya chumvi. Maharagwe hayaivi, sabuni haitoi povu, chai mtu anaonja na kuisukuma pembeni. Malori yameanza kutupita.

Niliwaendea wenzangu nikawaambia tupunguze. Wakasema, "Anza wewe, Mzee." Nikaanza. Siku hiyo nilinyamazisha injini yangu tangu asubuhi, na jirani aliposikia kimya akaongeza yake.

Hapa kila mtu ametoka kwao, Dada. Hakuna wa kuja na wanawake nyuma yake. Mliwezaje? Ulimwambia nini Waithaka? Njoo utueleze, goti likikubali.

Habari ya Mbinya kufunikwa na mchanga niliijua kwa barua yako tu. Mpe leso hii. Nilichagua kijani, kama ile aliyokuwa akivaa tukiwa wadogo.

Ndugu yako mdogo,
Kilonzo


Mikuyuni
25 Julai 1991

Ndugu yangu Kilonzo,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikatafuta kiti.

Nakuja. Lakini mkutano uitishe wewe, kwa jina lako, usiseme ni dada yako ameuitisha. Na usiwaite wenye visima peke yao, wataishia kugawana maji wao kwa wao. Waite wauza uji, waosha vyombo, na wanaonunua maji kwa debe. Hao wakiwa wamekaa mbele, mwenye injini anapata shida kusema uongo. Mulei atakuja na kamba yake.

Mbinya alivaa leso kanisani. Watu walipomuuliza ameitoa wapi alisema, "Kwa Kilonzo," akaendelea kuimba.

Dada yako,
Kasyoka


Mtito Andei
22 Septemba 1991

Dada yangu Kasyoka,

Natumaini basi lilikufikisha vizuri na Mulei hakukuchosha na hadithi zake. Mimi ni mzima. Wapishi wangu wanauliza utarudi lini, hasa yule uliyemfundisha kuloweka maharagwe.

Kuna jambo hukulisikia siku ya mkutano. Ulipotoka nje kidogo, mwenye petroli aliniinamia akaniuliza, "Huyu mama ni nani hata tumsikilize?"

Nikamwambia, "Ni dada yangu. Aliwahi kuzima injini yangu mbele ya watu wote wa kwetu."

"Na umemwita tena?"

"Kwani ungemwamini mtu ambaye angeniachia kwa kuwa mimi ni ndugu?"

Uliporudi ulimkuta amevua kofia, ukadhani ni joto.

Baada ya wewe kuondoka tumekaa tena. Wenye visima wawili wamekataa kabisa, na mmoja wao amenitukana sokoni. Waliobaki wamekubali zamu. Mwenyekiti wamemchagua Muthoki, yule muuza uji mwenye sauti kubwa. Mimi nimepewa kazi ya kushika kamba. Maji bado ni ya chumvi. Mulei aliniambia kando kwamba ardhi inaweza kuchukua mvua za miaka mingi kuyasafisha, na huenda yasirudi kama yalivyokuwa. Labda mimi sitayaonja tena yakiwa matamu. Jumamosi tunapima.

Krismasi nitakuja nyumbani. Sijui nitamwambia nini Mbinya, lakini nitakuja.

Na jingine. Asubuhi ile ya kuondoka kwako nilikuletea beseni la maji ya moto ya kunawa uso. Nilipofika mlangoni nikakusikia unaimba ndani, ule wimbo wa kutwanga ambao Mwaitu alikuwa akiuimba taratibu, akikatiza katikati kupepeta. Nilikuwa nimesahau maneno yake. Hata nilikuwa nimesahau kwamba upo. Sikubisha. Nilisimama pale na beseni langu, wageni wananipita kwenye korido na kunishangaa, hadi ukamaliza wote na maji yakapoa.

Ndugu yako mdogo,
Kilonzo