Kiuno cha Salvator

Kanyosha, Bujumbura

Yaya Furaha, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mmeamkaje huko Uvira? Mgongo wa mama umepata nafuu? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inaniuma, na nakuambia wewe tu: nina wivu.

Unajua kazi yangu ni kumbebea patron fimbo zake za gofu, yule daktari wa Kiriri. Kila mwaka sisi wabebaji tunapewa siku yetu ya kucheza, na safari hii patron alisema atakayepiga vizuri ndiye atakayembebea. Nikajua nguvu ni mikono. Nikaenda kulima shamba la mwenye nyumba wangu, bure kabisa, ili mabega yakomae. Mwenye nyumba alinisifu sana.

Salvator, mbebaji mgeni, hakushika jembe. Alikata raba ya ndani ya tairi la baiskeli, akaifunga kwenye mti, akawa anaivuta huku anazungusha kiuno, kisha anajinyoosha kama paka. Tulimcheka.

"We, hii ni gofu ao ni ngoma ya harusi?" nikamuuliza. Akaendelea kuzunguka.

Siku ilipofika mabega yangu yalikuwa yamekaza kama mbao. Nikainua fimbo, nikaishusha vile nilivyozoea shambani, nikachimba shimo. Mpira ukabaki palepale. Salvator akageuza kiuno taratibu, na mpira wake hatukuuona ulipoangukia. Patron akapiga makofi. Yaya, mimi sijawahi kupigiwa makofi yale, na nimembebea tangu nifike mji huu! Mfuko wa fimbo ukahamia begani kwa Salvator. Mimi sasa nabebea wageni wa kupita.

Jioni akanifuata. "Grand, mukubwa yangu, apana kasirika. Mikono inafwata tu, nguvu iko mu kiuno na mu miguu. Kamata hii raba, tutafanya pamoja."

Nilitamani kumtupia usoni. Nikaipokea. Sasa naivuta kila asubuhi mlangoni kwangu, kiuno kimeanza kulegea, na kila kikizunguka vizuri namchukia zaidi, kwa sababu alisema kweli. Mwakani nautaka mfuko wangu.

Nisalimie shemeji, na mjomba Bahati fundi viatu. Mama mwambie kuna mtu amenisaidia kazini, lakini jina usimtajie. Akilijua ataanza kumwombea, na Salvator akiongezewa maombi ya mama, sitamfikia kamwe.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Amani